Blogu ya duka imegoma kwenye Raspberry Pi? Usikimbilie kufuta kadi

Wadau, leo nina ugomvi na ushauri mmoja unaozunguka sana kwenye magrupu yetu ya wauzaji. Mtu kanunua Raspberry Pi, kafunga WordPress ili awe na blogu ya duka lake mwenyewe, siku ya tatu inagoma. Anauliza. Jibu la kwanza analopewa: "Futa kadi, anza upya." La pili hivyo hivyo. Jioni kadi imefutwa, na pamoja na WordPress zimeondoka picha za bidhaa, bei, maelezo, na namba za wateja waliokuwa wameziacha pale. Anakesha kufunga upya. Siku ya tatu inagoma tena, kwa sababu kilichoigomesha mara ya kwanza ilikuwa ni chaji.

Msimamo wangu uko wazi: kufuta kadi ni hatua ya mwisho kabisa. Na kwetu huku, Mbinga mjini na kule chini ziwani, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi, mara nyingi ugonjwa haupo kwenye WordPress hata kidogo. Upo kwenye umeme, kwenye kadi, kwenye saa, na kwenye laini ya intaneti. Anza kukagua huko kabla hujagusa programu.

Kwa asiyekijua hiki kidude: Raspberry Pi ni kompyuta nzima kwenye ubao mmoja, ukubwa wa kadi ya benki. Ya kwanza ilitoka Uingereza tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35, lengo likiwa watoto wajifunze kuandika programu. Haina diski ndani yake. Mfumo wote unakaa kwenye kadi ya memori ileile ya simu. WordPress nayo ni programu ya bure ya kuendesha blogu, ipo tangu 2003. Ukiviunganisha unapata tovuti inayokaa dukani kwako, kwenye rafu, pembeni ya rauta.

Kwa nini muuzaji wa kahawa ya kusaga au wa usipa ahangaike na haya yote? Kwa sababu tunajua maumivu ya ukurasa wa kijamii kufungwa ghafla, au kuibiwa, na wateja wa miaka minne wakaondoka nao. Na kwa muuzaji wa usipa muda ndio kila kitu. Usipa unavuliwa kwa taa, kwa hiyo samaki wa maana wanakuja wakati wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo. Zile siku za giza ndipo mteja wa Songea au wa Dar anafungua blogu yako kuangalia kama mzigo umeingia na bei ikoje. Akikuta ukurasa mweupe, anampigia mwingine. Yaani ukigoma siku nne kumbe umepoteza sehemu kubwa ya mauzo ya mwezi.

Haya, tuanze ukutani, kwenye soketi.

Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Pi 3 inataka ampea 2.5. Pi 5 inataka volti 5 na ampea 5 ili ifanye kazi kwa nguvu zake zote. Sasa chukua ile chaji uliyonunua kwenye meza ya barabarani. Imeandikwa "fast charge", sawa, lakini chaji nyingi za haraka zinatoa nguvu kubwa pale tu zinapoelewana na simu na kupandisha volti. Kwenye volti 5 ya kawaida nyingi haziendi mbali. Waya nao ukiwa mrefu na mwembamba, umeme unapungua njiani kabla haujafika. Kule ziwani ambako wengi tunatumia sola, ile tundu ya USB kwenye kisanduku cha sola mara nyingi imetengenezwa kwa ajili ya simu na taa. Kompyuta inaweza kuwaka, ikaonekana nzima, halafu ikafa pale tu unapopakia picha 10 za kahawa kwa mpigo, maana hapo ndipo inakula umeme zaidi.

Huna haja ya kubahatisha. Pi yenyewe inatunza kumbukumbu ya umeme pungufu. Fungua dirisha la amri uandike:

vcgencmd get_throttled

Ukipata throttled=0x0, umeme wako ni mzima tangu ulipoiwasha. Ukipata 0x50000, umeme ulishapungua wakati fulani na kompyuta ikajipunguza kasi, hata kama sasa hivi uko sawa. Ukiona 0x50005, unapungua muda huohuo unaosoma. Kama umeunganisha kioo, alama ya radi itakuwa inatokea juu kulia, au utaandikiwa onyo la volti ndogo. Ukiona namba yoyote kati ya hizo mbili, acha kugusa WordPress. Tafuta chaji yenye ampea za kutosha na waya mfupi mnene, kisha ndipo uendelee. Wengine mtashangaa shida zote zinaisha hapo hapo.

Suala la joto nalitaja haraka haraka. Mbinga mjini kwa baridi yetu ya Juni na Julai huwezi kulihisi. Ila ukishuka hadi ufukweni, ambako ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, kwenye banda la bati mchana, hicho kidude ndani ya kiboksi kisicho na tundu kinachemka. Kikifika nyuzi 80 kinaanza kujipunguza kasi. Amri ni vcgencmd measure_temp. Dawa ni vile vipande vya kupoozea na kukiondoa karibu na bati, basi.

Baada ya umeme kuna kadi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko mali inakopotelea.

Tangu gridi ya Taifa ilipofika Songea mwaka 2018 mambo ya umeme mkoani kwetu yamekuwa nafuu kuliko enzi za jenereta za dizeli. Lakini umeme bado unakatika, na unakatika bila kupiga hodi. Simu ina betri, kwa hiyo hatukuzoea kufikiria jambo hili. Pi haina. Umeme ukikatika wakati inaandika kitu kwenye kadi, kile kilichokuwa kinaandikwa kinabaki nusu. Ikitokea kwenye picha, umepoteza picha. Ikitokea kwenye hifadhidata, yaani lile ghala ambamo WordPress inaweka bidhaa na maandishi yako, blogu nzima inaweza kukataa kufunguka.

Dalili yake: mfumo unawaka lakini kila ukitaka kubadilisha kitu unaambiwa "Read-only file system". Maana yake mfumo umeona kadi ina hitilafu, umejifungia usiandike ili usiharibu zaidi. Huo ni ulinzi. Mtu anayefuta kadi hapo anatupa mzigo ambao bado unasomeka! Kikiwa kinasomeka, nakili kwanza. Chomeka flashi, chota folda ya /var/www/html yenye picha zako zote, na jaribu kuchota hifadhidata kwa amri ya mysqldump, matokeo uyaelekeze kwenye flashi hiyohiyo. Ukishaona mafaili yapo kwenye flashi na yana ukubwa wa kueleweka, hapo sasa nunua kadi nyingine. Kadi iliyofikia hatua hiyo usiirudishe kazini.

Kadi feki nazo zipo. Imeandikwa GB 128, ndani ina 8, ikijaa inaanza kuandika juu ya vya zamani. Kwa kazi hii tafuta kadi yenye alama ya A1 au A2, au ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera za ulinzi, maana imezoea kuandikwa mchana na usiku. Mwenye uwezo aweke diski ya SSD kwa njia ya USB, aachane na kadi kabisa. Pi 4 na Pi 5 zinaweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye diski hiyo.

Halafu weka kibetri cha akiba. Angalizo: pawabenki nyingi hazifai. Umeme wa ukutani ukikatika, pawabenki inachukua sekunde kidogo kubadili upande, na hiyo sekunde inatosha kuizima Pi. Vile vibetri vidogo vinavyouzwa kwa ajili ya rauta ni bora, ila soma tundu lake la volti 5 linatoa ampea ngapi kabla hujalipa. Likiwa la ampea 2 umerudi kulekule kwa umeme pungufu.

Sasa saa. Hii inawachanganya watu kweli kweli. Pi 4 na za kabla yake hazina saa yenye betri. Ikizimwa haijui muda unapita. Ikiwaka inauliza saa kwenye intaneti. Sasa umeme umekatika saa 9 usiku, umerudi saa 12 asubuhi, na rauta bado haijapata mtandao, au bando limeisha. Pi inaamini bado ni jana, au wiki iliyopita. Matokeo yake: ukijaribu kufunga programu kwa apt inakataa, inasema faili la orodha "is not valid yet", yaani eti linatoka siku za mbele. Vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa. Mtu anadhani kafunga vibaya, anafuta kadi. Andika date uone. Kama tarehe si ya leo, rudisha intaneti, subiri dakika chache, jaribu tena. Pi 5 ina sehemu ya saa, lakini betri yake inanunuliwa pembeni.

Umeme mzima, kadi nzima, saa sahihi, bado imegoma? Hapo sasa ndo tuiangalie programu. Na hapa nina neno moja tu la ubishi: soma daftari la makosa. Kompyuta imeshaandika kilichotokea, na sisi tunakwenda kuuliza wasioiona. Amri:

sudo tail -n 30 /var/log/apache2/error.log

Mstari wa mwisho mwisho ndio wenye habari. Kama unatumia nginx badala ya Apache, badilisha jina la folda. Ni Kiingereza, ndiyo, lakini mistari yenyewe inajirudia, ukishaikuta mara tatu unaijua.

Kosa linaloongoza kwa kutisha watu ni "Error establishing a database connection". Linasema tu kwamba WordPress imepiga hodi kwenye ghala, haikufunguliwa. Sababu ni chache. Angalia kwanza kama ghala liko kazini: sudo systemctl status mariadb. Kama limelala, liamshe kwa start badala ya status. Kama liko kazini lakini kosa bado lipo, angalia faili la wp-config.php: jina la hifadhidata, jina la mtumiaji, neno la siri. Herufi moja tu inatosha kukufungia nje. Na usitumie jina la root humo. Kwenye Raspberry Pi OS, MariaDB inamruhusu root aingie akiwa ndani ya mfumo kama root kweli, haimpokei kwa neno la siri kupitia WordPress. Unaweza kuandika neno la siri sahihi mara mia, mlango haufunguki. Tengeneza mtumiaji wa blogu peke yake, mpe ruhusa kwenye hifadhidata ya blogu peke yake. Hii pia ni kinga, maana akiibiwa huyo, hajaiba vyote.

Kosa hilohilo likija na kuondoka, asubuhi lipo, mchana halipo, shuku memori. Pi 3 ina GB 1, Zero ina nusu ya hapo. Wageni wakiingia wengi kwa mara moja, mfumo unaishiwa, unachagua programu moja ya kuua ili upumue, na mara nyingi anayechaguliwa ni MariaDB kwa kuwa ndiye mnene. Andika sudo dmesg na utafute maneno "Out of memory". Ukiyaona, punguza programu-jalizi. Blogu ya kuuza kahawa haihitaji programu-jalizi 25, jamani. Saba zinatosha, na hapo nimekuonea huruma.

Kuna hii nyingine ambayo wafanyabiashara wa kuhamahama mnaipata sana. Umefungia blogu nyumbani, Mbinga. Ilikuwa inafunguka vizuri kwa anwani ya 192.168.1.20. Ukaibeba hadi dukani Mbamba Bay, kilomita 66 za lami, ukaiwasha kwenye rauta ya huko. Sasa inafunguka kwa sura mbaya: maandishi yamesambaa, picha hazipo, rangi hakuna, au haifunguki kabisa. Hakuna kilichoharibika njiani. WordPress iliandika anwani ya siku ya kwanza ndani ya hifadhidata yake, na bado inaita picha zije kutoka kwenye anwani ya nyumbani. Rauta mpya imeipa Pi namba nyingine, unaiona kwa hostname -I. Fungua wp-config.php, ongeza mistari miwili:

define('WP_HOME', 'http://anwani-mpya');
define('WP_SITEURL', 'http://anwani-mpya');

Kisha ingia kwenye rauta uifungie Pi namba yake moja isiyobadilika. Dakika kumi. Aliyefuta kadi kwa kosa hili angetumia usiku mzima kufikia palepale.

Picha kukataa kupanda nayo ni ya kila siku. Simu zetu zinapiga picha za MB 3, 4, 5. PHP, lugha inayoendesha WordPress, ikifungwa bila kuguswa inakubali faili lisilozidi MB 2. Nginx yenyewe inakataa kuanzia MB 1, inakupa namba 413. Unaweza kuongeza kiwango kwenye php.ini, upload_max_filesize na post_max_size. Lakini ushauri wangu kama muuzaji ni kupunguza picha kabla ya kuipandisha. Mteja anafungua kwa bando lake. Ukurasa wenye picha 10 za MB 1 kila moja ni MB 10. Wageni 100 ni GB 1, na kwa kuwa tovuti inakaa dukani kwako, hiyo GB 1 inatoka kwenye bando lako pia. Punguza kila picha ifike KB 150 na usipa wako bado utaonekana unang'aa.

Na ukurasa wa mwanzo ukifunguka lakini kila bidhaa ukiibonyeza inaleta 404, washa kanuni ya anwani kwa sudo a2enmod rewrite, hakikisha AllowOverride ya folda ya blogu imewekwa All, halafu uiwashe upya Apache. Sina la kuongeza hapo.

Wapo mnaotaka Ghost badala ya WordPress kwa kuwa ni nyepesi na nzuri machoni. Ni nzuri kweli. Ila kwa kazi halisi inataka MySQL 8, na Raspberry Pi OS ukiiomba hifadhidata inakupa MariaDB, ndugu yake asiye yeye. Hapo ndipo ufungaji unapokwama na watu wanazunguka siku mbili. Ukiitaka, tafuta Pi yenye memori ya kutosha na mfumo wa biti 64, Ubuntu ikiwezekana, kwa sababu ndiyo waliyoitengenezea. Kwa mwenye duka anayejifunza leo, naona WordPress inamtosha.

Nimefika kwenye laini ya intaneti, na hapa ndipo nitakapowaudhi baadhi yenu.

Blogu inafunguka kwenye simu yako ukiwa dukani. Unamtumia mteja wa Songea anwani, haifunguki kwake. Unafungua milango yote kwenye rauta, haifunguki. Unafuta kadi. Subiri kwanza! Ingia kwenye rauta uangalie anwani aliyopewa na mtandao wa simu. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, maana yake unashiriki anwani moja ya nje na wateja wengine kibao wa mtandao huo. Ni kama nyumba ya wapangaji yenye namba moja ya posta: barua inafika getini, hakuna anayejua ni ya chumba gani. Hakuna mpangilio wa WordPress unaotibu hilo. Utahitaji njia inayotoka ndani kwenda nje, kama Cloudflare Tunnel, ambayo yenyewe haina malipo lakini inataka uwe na jina lako la tovuti lililosajiliwa. Au omba anwani ya kudumu kwa mtoa huduma wako na usikie bei.

Kwa hiyo nasema hivi, na mtakaonipinga nipingeni: Pi peke yake isiwe kaunta ya kuuzia watu wa mbali. Kwa bando la simu, umeme wa kukatika na anwani ya kushiriki, unaiweka biashara yako juu ya vigingi vitatu na vyote vinatikisika. Kwa kaunta ya mbele lipia nafasi kwenye seva ya watu, hata ndogo kabisa. Pi iwe stoo: pale unapoandalia bidhaa, unajaribu mwonekano mpya kabla haujaonekana na wateja, unatunza nakala ya kila kitu, na pale wateja wanaokaa kwenye benchi lako wanapofungua orodha ya bei kwa waifai ya duka bila kutumia bando. Kwa kazi hiyo sijaona kitu cha bei hiyo kinachoishinda.

Najua kuna hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao ulilegea nchi nzima, na aliyekuwa ameweka kila kitu nje ya nchi alibaki anazungusha kidole. Mwenye nakala dukani aliendelea kuona namba za wateja wake na oda zao, akapiga simu za kawaida, mzigo ukapanda basi. Hiyo hoja naikubali, na ndiyo maana sisemi uitupe Pi.

Jambo la sheria usiliruke. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu walipie leseni TCRA, shilingi milioni moja ya leseni na ada nyingine juu yake. Zilibadilishwa 2020, zikarekebishwa tena 2022, kwa hiyo usitembee na habari ya grupu ya miaka hiyo. Waulize TCRA wenyewe, hasa kama kwenye blogu ya duka unapanga kuweka na habari za mjini. Pia kama unatunza majina na namba za wateja kwenye hiyo kadi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kadi ya memori yenye namba za watu 600 ikiokotwa stendi ya Mbinga, mwenye kuulizwa ni wewe.

Kwa leo fanya hili kabla hujafunga ukurasa: kama blogu yako inafanya kazi sasa hivi, chomeka flashi, andika mysqldump kwa jina la hifadhidata yako, nakili na folda ya wp-content. Flashi hiyo isikae kwenye droo moja na Pi, mpe dada au shemeji aliye mtaa mwingine. Na wewe ambaye imegoma, usitutumie picha ya kioo cheusi iliyopigwa kwa mbali. Tuandikie majibu ya vcgencmd get_throttled, ya date, ya df -h, na mistari mitano ya mwisho ya daftari la makosa. Kadi iache kama ilivyo.